Orodha Hufutwa, Dondoo Hukua

Anayetaka kupanga mambo yake kwa simu au kompyuta siku hizi hukutana na aina mbili za programu. Aina ya kwanza ni orodha ya kazi: unaandika jambo, unalipangia tarehe, na likikamilika unalitia alama likaondoka machoni. Todoist, iliyoanza mwaka 2007, ni mfano wake unaojulikana. Aina ya pili ni ya madondoo yaliyounganishwa: kila wazo lina ukurasa wake, na kila ukurasa unaweza kuunganishwa na mwingine wowote, hata mwandishi akafuata viungo kutoka wazo hadi wazo miaka mingi baadaye. Roam Research na Obsidian, zilizopata umaarufu kuanzia mwaka 2020, ni za ukoo huo. Mjadala wa ipi bora kwa kawaida huendeshwa kwa kulinganisha bei, wepesi na wingi wa vitufe. Huko ni kuanzia mwisho. Swali lenyewe lina umri wa zaidi ya miaka 500, lilikuwepo kabla ya umeme, na historia imeshaliwekea ushahidi wa kutosha. Orodha ililelewa katika ofisi za watu wenye madeni na ahadi; dondoo lililelewa katika vyumba vya watu wenye maswali. Orodha huandikwa ili ifutwe, dondoo huandikwa ili lidumu. Ninachotetea hapa ni kwamba tofauti hiyo ya umri wa andiko ndiyo inayopaswa kuamua chombo, na kwamba watu wengi, wasomi wakiwemo, wanapaswa kuanza na orodha.

Tuanze na wafanyabiashara. Mwaka 1494, mjini Venice, mtawa na mwanahisabati Luca Pacioli alichapisha kitabu kikubwa cha hesabu, na ndani yake akaeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza vitabu vyao. Kila nyumba ya biashara ilihitaji vitabu vitatu. Cha kwanza kilikuwa daftari la kumbukumbu za siku: kila kilichonunuliwa, kuuzwa au kukopeshwa kiliandikwa humo papo hapo bila kupambwa, na mwenye mali, wasaidizi wake, au hata wanawake wa nyumba hiyo ikiwa wao ndio waliokuwepo. Cha pili kilikuwa jonali, iliyoyaweka mambo hayo katika utaratibu, na cha tatu leja, iliyoonyesha nani anadai na nani anadaiwa. La kuzingatia ni mstari. Jambo likishahamishwa kutoka daftari la siku kwenda jonali, lilipigwa mstari wa mshazari, ishara kwamba limetimiza kazi yake pale lilipokuwa. Ukurasa uliojaa mistari ulimtuliza mwenye mali. Palipokosekana mstari palimdai arudi. Watu wa pwani yetu, ambao nao waliishi kwa biashara, waliifupisha hekima hiyo katika methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali haikusema kwamba daftari huongeza mali wala huleta busara. Imesema daftari huzuia upotevu, na kazi ya orodha ni hiyo.

Wasomi walikuwa na shida ya namna nyingine. Mashine za kuchapa ziliongeza vitabu kwa kasi ambayo msomaji mmoja hakuweza kwenda nayo. Conrad Gessner, daktari na mwanazuoni wa Zürich, alichapisha mwaka 1545 katalogi kubwa ya vitabu vya Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, na katika kitabu kilichofuata mwaka 1548 akaeleza mbinu ya kazi yake: nakili kila jambo lenye faida upande mmoja wa karatasi nzuri, likate kwa mkasi, kisha vipange vikaratasi na kuvipanga upya mpaka uridhike na mahali pa kila kimoja. Karne moja baadaye Mwingereza Thomas Harrison alibuni kabati lenye vibati vilivyoandikwa mada, kila kimoja na ndoano ya kutundikia vikaratasi, na Vincent Placcius wa Hamburg akalieleza kabati hilo katika kitabu cha mwaka 1689. Mwanafalsafa John Locke naye alichapisha mwaka 1686, kwa Kifaransa, njia ya kutengeneza faharasa ya madondoo kwa kutumia herufi ya kwanza ya mada na irabu yake ya kwanza, hivyo kwamba kurasa mbili zilitosha kuongoza daftari zima. Shabaha ya mbinu zote hizo ilikuwa moja. Kikaratasi huhamishwa, hutafutwa, huwekwa jirani na kingine kikapata maana mpya, lakini hakifiki siku ya kupigwa mstari. Gessner hakuwa na mdai wa kumlipa Jumatatu. Alikuwa na elimu ya zama zake iliyohitaji kupangika.

Georg Christoph Lichtenberg, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Göttingen, alijaribu kuzikutanisha njia hizi. Kuanzia mwaka 1765 hadi kufa kwake mwaka 1799 alijaza madaftari ya mawazo ya kila aina, na humo akasifu desturi ya wafanyabiashara wa Kiingereza ya kuandika kila kitu bila mpango katika daftari la mwanzo, kukihamishia kwenye jonali, na hatimaye kwenye leja. Alitaka wasomi waige. Hapa pana pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu: ikiwa msomi mkubwa aliweza kuazima daftari la mfanyabiashara, huenda ukoo ni mmoja. Lakini tutazame alichoazima na alichoacha. Alichukua daftari la mwanzo. Hatua za kuhamisha na kufunga hesabu zilibaki kuwa nia. Riwaya aliyokusudia kuiandika haikukamilika, na madaftari yenyewe yalichapishwa baada ya kifo chake. Yanasomwa hadi leo na yanastahili kusomwa, kwa sababu kila wazo mle linaweza kusimama bila kufungwa. Mfanyabiashara mwenye daftari la namna hiyo angefilisika. Andiko lililo hazina kwa mmoja ni hasara kwa mwingine, na kinacholigeuza ni kama yupo mtu anayesubiri jambo hilo likamilike.

Kuanzia karne ya 18 wote walipata kifaa kimoja, nacho ni kadi. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, katika miaka yake ya mwisho alitumia vikaratasi vya kipimo kimoja vilivyoweza kuongezwa na kupangwa upya kila aina mpya ya mmea ilipofika. Mwaka 1791 serikali ya mapinduzi ya Ufaransa, ikitaka kuorodhesha vitabu ilivyotaifisha kutoka kwa kanisa, iliagiza kila kitabu kiandikwe nyuma ya karata ya kuchezea, kwa kuwa karata za wakati ule zilikuwa tupu upande wa nyuma. Mwaka 1876 Melvil Dewey wa Marekani alianzisha kampuni ya vifaa vya maktaba iliyosambaza kadi na makabati ya vipimo sanifu, na baada ya muda benki na kampuni za bima zikawa wateja wake. Kadi ile ile sasa ilikaa maktabani na ofisini. Ofisini, makarani walizoea kupanga karatasi kwa tarehe: majalada 31 ya siku za mwezi na 12 ya miezi ya mwaka, na kila asubuhi karani akafungua jalada la siku hiyo, akatenda yaliyomo, likabaki tupu. David Allen aliufufua utaratibu huo wa majalada 43 katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu kumaliza kazi. Maktabani kadi ilitolewa, ikasomwa, ikarudishwa mahali pake. Ofisini ilitolewa, ikatekelezwa, ikatupwa. Kifaa kilifanana, wajibu haukufanana. Anayechagua programu leo kwa kutazama sura yake anarudia kosa la kudhani kwamba makabati mawili yaliyotoka kiwanda kimoja yanafanya kazi moja.

Heshima ya orodha hudharauliwa kirahisi, kwa hiyo ushahidi wake unahitaji kuwekwa wazi. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa ndege wa Wright Field huko Ohio, ndege mpya ya kivita ya Boeing ilipaa katika majaribio, ikapoteza mwelekeo, ikaanguka na kuua watu wawili. Uchunguzi ulionyesha kwamba kifungo kinachozuia usukani wa mkia ndege inapoegeshwa hakikuwa kimefunguliwa. Rubani alikuwa miongoni mwa wazoefu wa jeshi; elimu haikumpungukia, ila ndege ilikuwa na mambo mengi mno ya kukumbukwa na kichwa kimoja. Marubani waliofuata waliandika orodha fupi ya mambo ya kuhakikisha kabla ya kuruka na kabla ya kutua, na aina ile ya ndege ikaja kutengenezwa zaidi ya mara 12,000. Miongo saba baadaye Shirika la Afya Duniani lilipeleka wazo hilo katika vyumba vya upasuaji. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 orodha ya mambo 19 ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, kuanzia London, Seattle na Toronto hadi Ifakara nchini Tanzania. Kwa hospitali zote pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Mambo yaliyoulizwa yalikuwa mepesi: je, huyu ndiye mgonjwa, hapa ndipo pa kupasua, dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa, vifaa na pamba vimehesabiwa?

Mtu atapinga, na ana haki, kwamba matokeo hayo hayakurudiwa kila mahali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu hospitali za jimbo la Ontario nchini Kanada, baada ya orodha kufanywa ya lazima, haukuona upungufu wa maana wa vifo wala wa matatizo. Mimi nausoma utafiti huo kama mpaka wa uwezo wa orodha, na mpaka ni sehemu ya ukweli. Orodha hufanya kazi pale ambapo watu wanaisoma kwa sauti, wanasimama na kujibu. Ikigeuka fomu ya kutiwa alama ili ofisi iridhike, haimkumbushi yeyote chochote. Hali ni hiyo hiyo kwa orodha ya simu yenye mambo 200 ambayo mwenyewe haipitii. Nguvu ya orodha iko katika ufupi wake na katika kupitiwa, na programu nyepesi inasaidia kwa sababu haimpi mtumiaji pa kujificha. Kuna pia sababu ya ndani ya akili. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, akifanya utafiti Berlin, alionyesha kwamba watu hukumbuka zaidi kazi zilizokatizwa kuliko zilizomalizika. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba kazi isiyomalizika huacha kuisumbua akili pindi mtu anapoipangia jinsi itakavyotendwa, hata kabla hajaitenda. Mwenye ahadi nyingi, basi, anapata unafuu kwa kuandika nini, lini na wapi. Kuziunganisha ahadi hizo na falsafa hakumwongezei unafuu huo.

Tugeukie upande wa pili, ambao nao una mashahidi wa nguvu. James Murray alipokabidhiwa uhariri wa kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford mwaka 1879, alijenga kibanda cha mabati chenye visanduku 1,029 vya kuwekea vikaratasi vya mifano ya maneno vilivyotumwa na wasomaji wa kujitolea. Toleo la kwanza zima lilikamilika mwaka 1928, miaka 13 baada ya Murray kufariki, na lisingewezekana kwa orodha ya kazi. Shahidi anayetajwa zaidi ni Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1927. Alisomea sheria, akawa mtumishi wa serikali, na tangu mwanzo wa miaka ya 1950 mpaka karibu na kifo chake mwaka 1998 aliandika vikaratasi vipatavyo 90,000. Kila kikaratasi alikipa namba isiyobadilika, na namba hiyo iliweza kuchipuza matawi: baada ya 21 huja 21a, baada ya 21a huja 21a1, ili wazo jipya liwekwe nyuma ya wazo lililolizaa bila kuvuruga mengine. Vikaratasi vilitajana kwa namba, na faharasa ilionyesha milango michache tu ya kuingilia. Katika makala ya mwaka 1981 alilieleza sanduku hilo kama mwenzake wa mazungumzo, kwa kuwa lilimrudishia mawazo katika ujirani ambao hakuutarajia. Aliandika makumi ya vitabu na mamia ya makala.

Watetezi wa programu za madondoo hulitaja sanduku la Luhmann kama uthibitisho kwamba viungo huzaa mawazo. Wanasahau sehemu moja ya habari. Alipojiunga na Chuo Kikuu kipya cha Bielefeld mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuulizwa mradi wake wa utafiti, alijibu kwamba ni nadharia ya jamii, muda wake miaka 30, gharama hakuna. Kitabu kilichofunga mradi huo kilitoka mwaka 1997. Sanduku lilikuwa na mwenye swali moja aliyelibeba kwa miongo mitatu, na kila kikaratasi kilipimwa kwa swali hilo. Tumlinganishe na Paul Otlet, mwanasheria wa Brussels, aliyeanzisha pamoja na Henri La Fontaine mwaka 1895 taasisi ya kukusanya habari za vitabu vyote vya dunia. Kadi zao zilizidi milioni 12, zikiwa na mfumo makini wa namba za kuunganisha mada na mada, na watu walituma maswali kwa posta wakajibiwa. Mwaka 1934 serikali ya Ubelgiji iliifunga ofisi hiyo. Sababu zilikuwa nyingi, za fedha na za siasa, na si haki kumhukumu Otlet kwa matokeo hayo. Alikuwa mtu wa maono makubwa na nia njema. Hata hivyo mfano wake unafundisha kwamba wingi wa viungo hauwezi kujitetea wenyewe. Kadi zake ziliishi kwa maswali ya watu wengine, na walipoacha kuuliza, au mlipaji alipoacha kulipa, zilibaki mzigo wa kutafutiwa chumba. Mtu binafsi anayeunganisha madondoo 5,000 bila swali lake mwenyewe anajenga ofisi ya Otlet bila hata wateja wa posta.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa kompyuta. Inasemekana kwamba mgawanyiko huu ulikuwa wa karatasi, na kwamba mashine imeuondoa. Vannevar Bush, katika makala maarufu ya Julai 1945, alibuni kichwani meza ambayo msomi angeweza kuitumia kuunganisha kurasa zake katika njia za kudumu. Ted Nelson akachapisha mwaka 1965 wazo la maandishi yenye viungo, na tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, Douglas Engelbart akaonyesha mbele ya umati wa wataalamu mfumo wa kompyuta uliofanya mambo hayo kweli. Na alichokitumia kuonyesha ni orodha ya vitu vya kununua dukani akielekea nyumbani: aliipanga kwa makundi, kisha akaiunganisha na ramani ya vituo vya njiani. Kwa hiyo, wasema wapinzani, orodha na kiungo vilikuwa kitu kimoja tangu siku ile. Ninakubali kwamba mashine inaweza kuviweka chumba kimoja. Lakini hata katika onyesho lile, ndizi zikishanunuliwa zilipaswa kuondoka kwenye orodha. Hakuna aliyehitaji kuzirudia mwaka uliofuata. Yale ambayo kikundi cha Engelbart kiliyahifadhi na kuyaunganisha kwa miaka yalikuwa maandishi ya utafiti wao.

Ushahidi wa wazi zaidi unatoka kwa programu zilizofaulu kuunganisha vyote viwili. Mwaka 2003 Carsten Dominik, mtaalamu wa nyota, alianzisha Org-mode, mfumo unaomruhusu mtu kuandika madondoo marefu na kupachika kazi katikati yake. Ni mfumo wa thamani, na wanaoupenda wana sababu. Lakini angalia alichokihitaji ili kazi zisipotee: ukurasa maalumu wa ratiba, unaopekua madondoo yote, unazitoa kazi zilizomo, na kuzipanga kwa tarehe. Maana yake ni kwamba hata pale ambapo mtu mwenye ustadi aliziunganisha njia hizi, alilazimika kuijenga upya orodha upande wa pili. Ahadi iliyozikwa ndani ya dondoo zuri haionekani siku yake inapofika. Mteja anayesubiri nguo zake Ijumaa hajali kwamba jina lake limeunganishwa kwa ufasaha na kurasa saba.

Tofauti ya umri wa andiko ina matokeo mengine ambayo wachaguzi wengi hawayapimi, nayo ni uhai wa chombo chenyewe. Wunderlist, programu ya orodha iliyotengenezwa Berlin, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2015 na kuzimwa Mei 2020. Watumiaji walisikitika, wakahamisha orodha zao kwingine, na maisha yakaendelea, kwa kuwa kilichokuwa ndani kilikuwa kazi za wiki ile na mwezi ule. Linganisha na HyperCard, programu ya Apple ya mwaka 1987 iliyowapa watu wa kawaida uwezo wa kuunda kadi zenye viungo. Walimu, wasanii na watafiti waliweka humo kazi za miaka. Iliacha kuuzwa mwaka 2004, na kuzifungua kadi zile kwenye kompyuta za leo kunahitaji maarifa ya pekee. Vikaratasi vya Luhmann vya mwanzo wa miaka ya 1950 bado vinasomeka kwa macho. Kwa hiyo, anayechagua orodha anaweza kuchukua chombo chochote chepesi kilicho karibu, kwa kuwa hasara ya kukipoteza ni ndogo. Anayechagua madondoo ana wajibu wa kuuliza kama maandishi yake yatasomeka baada ya miaka 30 bila kampuni iliyoyatengenezea programu. Obsidian imepata wafuasi wengi kwa sehemu kwa sababu huhifadhi madondoo kama mafaili ya maandishi ya kawaida katika kompyuta ya mtumiaji, na kwa mtazamo wa historia hiyo ni sifa nzito kuliko ramani za viungo vyake.

Wapo watakaosema kwamba orodha humfanya mtu mtumwa wa tarehe na kumnyima nafasi ya kufikiri. Hofu hiyo ni ya kweli pale orodha inapobebeshwa kisicho chake. Jambo kama kuandika kitabu au kuielewa historia ya ukoo wetu likiwekwa katika orodha hukaa pale mwaka hadi mwaka, likimshutumu mwenyewe kila anapolitazama, kwa sababu halina tendo moja la kulifunga. Mahali pake ni katika madondoo, na kinachoingia katika orodha ni hatua yake ya kesho: kumpigia simu mzee anayeijua habari, au kusoma sura ya pili. Wengine watasema kwamba huwezi kujua leo wazo lipi litafaa kesho, kwa hiyo heri kuhifadhi yote na kuyaunganisha yote. Desturi ya mabingwa wa vikaratasi inakataa. Luhmann aliandika kwa maneno yake mwenyewe badala ya kunakili kurasa, na faharasa yake iliyapa maneno mengi njia moja au mbili tu za kuingilia, akiamini kwamba viungo vya ndani vitamfikisha pengine. Kuunganisha ni kazi ya kufikiri, na kazi hiyo hulipwa tu na anayerudi kuandika. Asiyerudi ametumia saa zake za usomaji kupamba kabati.

Kutokana na ushahidi huo, uamuzi unaweza kufanywa bila kushindanisha programu. Mwenye duka, muuguzi, fundi cherehani, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, mzazi mwenye ada za kulipa na miadi ya kliniki: wote hawa wana maandishi yanayosubiriwa na watu, na yanayopaswa kufa kwa heshima baada ya kutimizwa. Orodha fupi inayopitiwa kila siku inawatosha, na kuwashawishi wajenge mtandao wa madondoo ni kuwauzia kazi mpya. Mtafiti wa shahada ya uzamivu, mwandishi wa historia, mwalimu anayejenga somo kwa miaka, mhariri wa kamusi: hawa wana maandishi ambayo hayana siku ya kufutwa, na kwao madondoo yaliyounganishwa ni urithi halali wa Gessner na Murray. Lakini hata wao wana tarehe ya kuwasilisha sura, barua ya kujibu na kitabu cha kurudisha maktabani, kwa hiyo wanahitaji orodha kabla ya madondoo. Murray hakuweza kuiendeleza kamusi kwa vikaratasi peke yake. Wachapaji walisubiri kurasa, na mtu alipaswa kujua zipi na lini.

Basi asiye na uhakika aanze na orodha nyepesi, aitumie mpaka ahadi zake zisiwe zinapotea. Wakati huo akigundua kwamba yapo mambo yanayorudi katika orodha yake kila mwezi bila kukubali kupigwa mstari, atazame kama mambo hayo yana swali moja linaloyaunganisha, swali ambalo yuko tayari kulifanyia kazi kwa miaka na kuliandikia jibu. Kama lipo, ameshapata sababu ya kuanza kuunganisha madondoo, na atajua cha kuunganisha na cha kuacha. Kama halipo, programu ya madondoo haitamletea. Kutimiza ahadi kunatangulia kupanua mawazo, kwa sababu ahadi ina mtu upande wa pili ambaye ataumia tukiisahau, ilhali wazo zuri likichelewa kidogo humsubiri mwenyewe.